Taslimu au kadi ukiwa nchi za nje: makato hujificha wapi?

Swali: Ninatarajia kusafiri kwa wiki tatu katika nchi kadhaa za Ulaya na Asia. Nina kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yangu, na ninaweza pia kununua dola au yuro kabla ya kuondoka. Wapo wanaonishauri nibebe taslimu tupu, na wapo wanaosema kadi inatosha. Katika safari iliyopita, mashine ya hotelini iliniuliza kama nilipe kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi ile. Nikachagua ya nyumbani kwa sababu nilikuwa naielewa, lakini taarifa ya akaunti ilipokuja, makato yalinishangaza. Njia ipi ni nafuu na salama zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, mjadala wa taslimu na kadi huwachukulia watu muda mwingi kuliko unavyostahili. Linaloamua gharama ni nani anayekubadilishia fedha na kwa kiwango gani, na swali hilo lipo palepale, uwe umeshika noti au kadi. Ndiyo maana nitaanza na mashine ya hotelini.

Unapolipa kwa kadi katika sarafu ya nchi uliyopo, mtandao wa kadi yako, kama vile Visa au Mastercard, ndio unaobadilisha kiasi hicho kwa kiwango chake cha siku, ambacho kwa kawaida hakipishani sana na kile cha soko na ambacho mtu yeyote anaweza kukiangalia kwenye tovuti ya mtandao husika. Juu ya hapo, benki iliyokupa kadi huongeza ada yake ya muamala wa nje, ambayo kwa benki nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 3, ingawa zipo kadi zisizotoza chochote. Ukichagua sarafu ya nyumbani, kazi ya kubadilisha huhama: hufanywa na kampuni inayohudumia mashine ya mfanyabiashara, kwa kiwango ilichojipangia yenyewe, na sehemu ya faida mara nyingi humrudia mfanyabiashara. Zaidi ya hayo, benki yako inaweza bado kutoza ada yake kwa hoja kwamba muamala umefanyika nje ya nchi, hata kama kiasi kimekuja kikiwa tayari kwenye sarafu ya nyumbani. Bila shaka hicho ndicho kilichokupata: ulilipia ubadilishaji wa bei ghali, na pengine ukatozwa ada juu yake.

Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili, ukatunga kanuni mwaka 2019 inayowalazimu watoa huduma, tangu Aprili 2020, kuonyesha ni asilimia ngapi wameongeza juu ya kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya kabla mteja hajakubali. Ukiwa huko na ukaiona asilimia hiyo kwenye skrini, isome, inatosha kukuamulia. Kwingineko huenda usione asilimia yoyote, ila viasi viwili tu, na mara nyingine kile cha sarafu ya nyumbani ndicho kimewekewa kitufe kikubwa cha kijani. Hata mhudumu anaweza kukubonyezea kwa nia njema, akidhani anakurahisishia. Omba uione skrini wewe mwenyewe kabla ya kuingiza namba ya siri. Risiti ikitoka na sarafu ya nyumbani ilhali hukuulizwa, omba muamala ufutwe na urudiwe papo hapo. Ikishindikana, tunza risiti hiyo, kwa kuwa kanuni za mitandao ya kadi zinataka mteja apewe nafasi ya kuchagua, na benki yako inaweza kupokea pingamizi.

Mashine za kutolea fedha nazo zina mtego huohuo, na kwa lugha inayotisha zaidi. Baada ya kuweka kiasi unachotaka, hutokea ukurasa wenye kiwango cha kubadilishia na vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa, na wengi hubonyeza kukubali wakihofia kwamba wakikataa hawatapata fedha. Kukataa hapo ni kukataa kiwango cha mashine tu. Kwa kawaida noti hutoka kama kawaida, na ubadilishaji hufanywa na mtandao wa kadi yako.

Sasa tuje kwenye taslimu, ambazo wengi huziona kama hazina makato. Makato yapo, ila yamo ndani ya pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Chukua duka linalonunua yuro kwa 95 na kuiuza kwa 105 wakati bei ya katikati ni 100: unaponunua, umepoteza karibu asilimia 5, na ukirudi na masalio ukayauza, unapoteza nyingine 5. Tangazo la kwamba hapatozwi kamisheni halibadilishi hesabu hiyo hata kidogo, na viwanja vya ndege ndiko pengo hilo huwa pana zaidi. Hali huwa mbaya zaidi kwa anayenunua dola nyumbani na kwenda kuzigeuza kuwa sarafu ya tatu, kwa sababu amepita mlango huo mara mbili. Kwa nchi zinazotumia yuro, nunua yuro moja kwa moja au utoe fedha hukohuko.

Angalia pia noti zenyewe. Serikali ya Marekani inatambua noti zake zote za zamani, lakini maduka mengi ya kubadilishia fedha duniani hukataa noti iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au iliyogongwa muhuri, na mara nyingine hukataa noti za dola 100 zilizotangulia muundo mpya wa mwaka 2013 au huzipokea kwa kiwango cha chini. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 za Uingereza ziliacha kuwa fedha halali tarehe 30 Septemba 2022, kwa hiyo ukiuziwa na jirani, jua kwamba hazitapokelewa dukani. Na ukibeba yuro 10,000 au zaidi unapoingia au kutoka Umoja wa Ulaya, unatakiwa kutoa taarifa forodhani. Marekani nayo hutaka hivyo kwa kiasi kinachozidi dola 10,000. Kutoa taarifa si kutozwa kodi, lakini kukaa kimya kunaweza kusababisha fedha hizo kuzuiwa.

Njia ninayoipendelea ya kupata taslimu ni kuzitoa kwenye mashine iliyopo kwenye tawi la benki baada ya kufika, kwa kiasi kikubwa na mara chache. Sababu ni ya hesabu tupu: ikiwa benki yako na mwenye mashine kila mmoja anatoza dola 4 kwa muamala, kutoa dola 40 kunakugharimu asilimia 20, ilhali kutoa dola 400 kunakugharimu asilimia 2. Ziepuke mashine zilizosimama peke yake kwenye mitaa ya watalii. Usitumie kadi ya mkopo kwa kazi hii, kwa kuwa riba huanza kuhesabika siku ileile, juu ya ada.

Kuhusu kiasi gani uwe nacho mfukoni, nchi zinatofautiana sana. Sweden ina maduka mengi yasiyopokea taslimu kabisa. Ujerumani na Japani bado zina mikahawa na maduka madogo yanayotaka noti. Ukiwa Japani, mashine za benki nyingi za huko hazipokei kadi za nje, lakini zile zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven na kwenye ofisi za posta huzipokea. Zipo pia nchi ambako kadi yako haitafanya kazi hata ikiwa na salio: Iran, na Urusi, ambako kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje zimekoma kufanya kazi tangu Machi 2022.

Jambo jingine linaloihusu kadi yako ya akaunti ni zuio la dhamana. Hoteli au kampuni ya kukodisha magari huzuia kiasi fulani mwanzoni, na kwa kadi ya akaunti kiasi hicho ni fedha yako mwenyewe, ambayo huwezi kuigusa mpaka iachiliwe, pengine siku kadhaa baada ya kuondoka. Kama unayo kadi ya mkopo, itumie hapo. Kwa upande wa wizi, noti iliyoibiwa haina wa kuulizwa, ilhali kadi hufungwa kwa simu moja. Hata hivyo, kwa kadi ya akaunti fedha hutoka kwanza, na madai hufuata baadaye. Ndiyo maana akaunti ya safari iwe na fedha za safari tu.

Kwa wiki zako tatu, basi, ningelipa hoteli na manunuzi makubwa kwa kadi, daima kwa sarafu ya pale, ningetoa taslimu mara moja au mbili katika kila nchi, na ningebeba akiba ya yuro au dola safi za kutosha siku chache, pamoja na kadi ya pili ya mtandao tofauti iliyowekwa mbali na ya kwanza. Kabla ya kuondoka, iulize benki ada ya muamala wa nje ni asilimia ngapi, ukomo wa kutoa kwa siku ni kiasi gani, na kama kadi imefunguliwa kutumika nje. Uliza pia nambari za uthibitisho za manunuzi ya mtandaoni hutumwa wapi, kwa sababu zikitumwa kwenye laini ya simu itakayokuwa imezimwa, hutaweza kulipia hata tiketi ya treni kupitia tovuti.