Tuanzie wapi safari ya Uswisi?

Swali: Mimi na mke wangu tunatamani kuiona milima ya Uswisi mwezi Juni. Tujiandae vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, ikiwa pasipoti zenu zinahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Uswisi, pelekeni maombi mapema, kwani hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yakiambatana na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nawasihi msihamehame hoteli. Kaeni Lauterbrunnen, kijiji cha bondeni milimani, ambako maporomoko ya Staubbach hushuka karibu mita 300 kutoka ukingo wa jabali, upepo ukiyapeperusha maji kama vumbi kabla hayajagusa ardhi. Tiketi ya treni ya Jungfraujoch, kituo kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, ikateni baada ya kuthibitisha kwamba kileleni hakuna ukungu, na makoti mazito msiyaache.