Kabla ya kuomba leseni ya baa, bisha hodi kwa jirani

Wiki iliyopita msomaji wa Mbale aliniomba nambari ya "mtu wa kushughulikia" leseni yake ya baa. Nilicheka, kisha kicheko kikakatika, maana mtu wa namna hiyo nilimjua, na alinila shilingi laki nane.

Baa zetu za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na kipindi hicho chote niliuza chapati kando ya barabara hapa Jinja, kwa hiyo zilipofunguliwa nilikuwa na haraka ya mtu aliyefiwa na mtaji. Jamaa akajaza fomu kwa kalamu yangu, akapokea pesa, akatoweka. Nilipofuatilia mwenyewe, nilikuta jina la biashara kwenye cheti cha usajili halilingani na lile la mkataba wa pango, na mchoro wa jengo ni mstatili mtupu, usio na choo wala mlango wa pili.

Hayo yalirekebishwa kwa siku chache. Kilichonikwamisha ni barua ya kurasa mbili aliyonionyesha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambamo mama wa nyumba ya pili alikuwa ameorodhesha, kwa tarehe, kila usiku nilioujaribia muziki wangu. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari, nikiwa nimejiandaa kutukanwa.

"Mwanangu," akasema, "marehemu mume wangu alikunywa waragi miaka arobaini. Mimi sichukii pombe, nachukia hiyo besi inayotikisa vikombe vyangu."

Na kweli, tulipowasha spika, vikombe viligongana kabatini. Tulizigeuzia ukutani, tukakubaliana kupunguza sauti saa nne usiku, naye akaweka sahihi kwenye ombi langu jipya. Nakiri kwamba bila yeye nisingejua kuwa kuna kanuni za kelele za mwaka 2003, na kwamba anayetaka kuzidi kiwango huomba kibali.

Basi ninyi mnaotaka kufungua baa, nendeni wenyewe. Mnanunua taa za rangi kabla ya kuchimba choo, halafu mnalalamika kwamba mkaguzi wa afya ana roho mbaya! Linganisheni majina kwenye kila karatasi, choreni choo na milango yote, bandikeni tangazo la kukataza walio chini ya miaka 18, na mkumbuke kwamba sheria ya tumbaku ya 2015 haimruhusu mteja kuvutia sigara mlangoni, kwani inataka umbali wa mita 50. Tena nasema, nendeni wenyewe.

Mwaka huu leseni yangu imetoka bila mtu wa kati, nami nimeitundika juu ya friji, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Majuzi yule jamaa aliingia, akaitazama kwa muda, akaagiza soda. Nilimtoza bei kamili.