Mwanangu, ule mlango hata mimi niliupita mara tatu

Mwanangu, marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili usiku niliusoma, asubuhi nikausoma tena, ule wa kwamba ulifika mpaka nje ya mkutano wa AA, yani Alcoholics Anonymous, wale walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hapo Nairobi ukasimama kisha ukageuka ukarudi nyumbani, na sasa waniuliza baba wewe uliingiaje na waliniuliza nini. Zile Alhamisi nilizokuwa nikiwaaga ati naenda chama Mombasa, kwenye mkutano wa AA ndo nilikuwa naenda, napanda matatu kutoka Kilifi na kurudi usiku, mamako pekee ndiye alijua. Sikukuficha kwa ubaya, nilikuwa naona haya mwanangu.

Mimi niliupita ule mlango mara tatu. Ni ukumbi nyuma ya kanisa, taa zimewashwa, nawasikia watu ndani wanacheka mpaka nikadhani nimekosea mahali. Mzee mmoja akatoka akaniona nimesimama, akasema karibu, chai iko. Jina hakuuliza. Mikono ilikuwa yatetemeka sana kikombe nikakishika kwa mikono miwili, na hakuna aliyenikodolea macho manake kila mtu mle ndani alishawahi kushika kikombe vile.

Na hakuna aliyeniuliza kitu. Hujazi fomu, hulipi kiingilio, kuna kikapu chapitishwa mwenye nacho atia na asiye nacho hana neno. Sharti ni moja tu, uwe wataka kuacha pombe. Zamu ikikufikia sema leo nasikiliza tu, watakwambia asante na waendelee na mwengine, mimi nilikaa wiki nne ndo nikafungua mdomo. Ila ukitaka nduguyo akusindikize uliza kwanza, kuna mikutano ya wazi ambayo yeyote aingia na kuna ile ya wenye shida wenyewe peke yao. Na yanayosemwa mle hayatoki nje, ndo maana hata leo sikutajii mtu.

Wajua hii kitu ilianza vipi? Mwaka 1935, mji wa Akron huko Marekani, jamaa mmoja anaitwa Bill alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, biashara iliyompeleka huko ikaharibika, yuko hotelini peke yake na baa iko pale pale anaisikia. Hamu ikamshika. Badala ya kuingia baa akaanza kupigia simu makanisa ya pale, anatafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, na alipelekwa kwa daktari mmoja, Bob, mlevi naye. Huyo Bob alikuwa amesema atampa dakika 15 tu. Walikaa zaidi ya masaa sita. Mimi hiyo hadithi hunishika hapa kifuani kila nikiisikia, kwa sababu Bill hakwenda pale kumwokoa mtu, alikwenda ili yeye mwenyewe asinywe usiku ule.

Kuupata mkutano si ngumu. Piga 1192, ni laini ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na pombe na mihadarati, na haikati pesa, waambie wataka kikundi karibu na unapoishi. Ama utafute mikutano ya AA ya Kenya kwenye intaneti, na iko ile ya Zoom pia, waweza kuzima kamera ukasikiliza ukiwa kitandani. Kimoja kisipokufaa jaribu chengine, vikundi havifanani hata kidogo, cha kwanza changu hakikuwa ndo nilichokaa.

Lakini hapa nisikize vizuri. Uliandika kwamba asubuhi ukiamka watetemeka mpaka upate kidogo. Mwanangu usiache ghafla peke yako ndani ya nyumba. Mwili uliozoea hivyo ukinyimwa kwa mpigo waweza kushikwa na kifafa, kuona vitu ambavyo havipo, na watu hufa. Nenda hospitali kwanza umwambie daktari unakunywa kiasi gani, usipunguze hesabu, kuna dawa za kukuvusha zile siku za mwanzo. Mkutano ni wa baadaye, na wa kila siku.

Nilianguka pia, sitaki ufikiri nilinyooka tu. Mwezi wa saba tulikuwa kwenye matanga ya babu mdogo, wajua kwetu mnazi haukosekani, nikapewa mboko, kile kibuyu cha kunywea mnazi, nikashindwa kusema la mbele ya wazee. Siku tatu zikapotea. Alhamisi nikarudi nikasema nimekunywa, nikahesabiwa upya kutoka siku ya kwanza na nikapigiwa makofi, hapo nililia. Sponsa wangu, yani yule aliyetangulia akakubali kunishika mkono, aliniambia kitu kimoja tu: mara nyengine ukienda matanga nipigie kabla hujafika, si baada. Tangu hapo hata mambo ya mahari huenda na soda yangu mkononi na wazee wameshazoea.

Baada ya hospitali, siku utakayorudi pale mlangoni nipigie ukiwa bado nje. Sitakuongelesha mengi. Nitakaa kwenye laini mpaka uniambie umeshaketi.

Babako