Injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton: tangi lisubiri

Mkuu mleta mada, unasema umepata fremu ya Norton Featherbed na injini ya Triumph 650 ya zamani, ile ambayo giaboksi imetengana na injini, na unataka uanze kwa kugonga tangi la alumini. Mimi Triton yangu (ndivyo tunavyoiita pikipiki yenye injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton) nimeiundia huku Birmingham, kwenye banda la nyuma ya nyumba. Tangi liache kwanza.

Kwa wadau wasioijua: Featherbed, fremu hiyo ya pikipiki za Norton, ni kazi ya Rex McCandless wa Belfast. Iliingia mashindanoni 1950, na mwaka huohuo Geoff Duke akashinda nayo Senior TT, mbio za pikipiki za kule Isle of Man. Wenye magari madogo ya mbio ya 500 cc walikuwa wakiitamani injini ya Norton Manx, pikipiki ya mbio ya Norton, wananunua pikipiki nzima, wanang'oa injini, fremu inabaki yatima. Ndipo watu wakaanza kuitia Triumph.

Sasa kazi yenyewe. Injini na fremu havijuani. Vinaunganishwa na mabamba ya alumini utakayokata mwenyewe. Kabla ya kugusa alumini, kata plaiwudi. Ikalishe injini juu ya vipande vya mbao, toboa, funga bolti, halafu laza rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi ya injini na ya klachi. Ukiona mwanga unapenya popote, sogeza, au mwone fundi wa kukereza akutengenezee washa, yaani kipete cha kujazia nafasi. Fanya hivyohivyo kwa cheni ya nyuma. Hapa usione haya kupoteza wikiendi nzima.

Tundu la bolti ya juu ya giaboksi lichonge kwa tupa liwe refu, si la duara, kwa sababu cheni ya mbele, ya kutoka injini hadi klachi, hukazwa kwa kusogeza giaboksi nyuma. Ukishaikaza, ya nyuma nayo inalegea, unairudia. Inakera, lakini ndivyo ilivyo.

Pistoni za Triumph hiyo hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo inatetemeka kwelikweli. Weka shikizo toka silinda hedi hadi kwenye fremu. Kuna wanaoliacha eti linaharibu sura. Mabamba yao hupasuka kwenye matundu ya bolti.

Tangi likifika zamu yake, alumini ilainishwe kwanza kwa moto: paka sabuni ya mche juu ya alumini, pasha kwa gesi mpaka sabuni iwe nyeusi, basi. Alumini haiwi nyekundu kama chuma. Ukisubiri rangi utaikuta imeshatoboka. Iache ipoe, igonge kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Ikianza kugoma, pasha tena.

Rangi ya fremu mwisho kabisa, baada ya kufunga kila kitu na kukifungua. Spana za milimita weka kando, tafuta za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza. Ukishakata plaiwudi tupia picha, hasa upande wa klachi.