Kadi ya grafiki kwenye OptiPlex slimu: fungua kasha kwanza ndo utoe hela

Mkuu umeuliza kama kadi ya grafiki RX 580 ya mkononi uliyoiona bei chee itakaa kwenye Dell OptiPlex 7010 yako, ile slimu yenye i5 ya kizazi cha tatu. Haikai. Hata nauli ya kwenda kuiangalia usiitoe.

Mimi nilishaliwa na mashine hiyohiyo. Nilinunua kadi kubwa Kariakoo, sikupima chochote, nikafika home nafungua kasha nakuta kile kibati cha nyuma kinachofungwa na skrubu kimezidi kasha kama vidole viwili hivi, yaani ungeisukuma unavyotaka mfuniko haurudi. Fundi mmoja akaniambia tukikate na msumeno, nikamwangalia tu. Na ubavuni ilikuwa na tundu la waya wa pini sita, narudi kwenye pawa saplai ya Dell, waya huo haupo. Muuzaji naye kilichouzwa hakirudi.

Sasa wewe zima mashine, chomoa umeme, toa mfuniko usome stika ya pawa saplai. Utakuta wati 240, na hizo ni za mashine nzima, prosesa, diski, feni, kila kitu. Sloti ya PCIe yenyewe, lile tundu refu la mazabodi (bodi kuu) unapochomeka kadi, inatoa wati 75 mwisho. RX 580 peke yake ni 185, na inadai waya wake wa ziada. Kwa hiyo tafuta kadi fupi yenye kibati kifupi na isiyo na tundu la waya kabisa, hapo una kadi kama GT 1030 ya wati 30, au GTX 1050 Ti na GTX 1650 zile fupi za wati 75. Hizi mbili za mwisho nyingi ni nene, zinakula nafasi ya sloti mbili, so pima na rula kabla.

GT 1030 ndo wengi wanapigwa maana ziko mbili kwa jina moja, ya GDDR5 na ya DDR4. Ya GDDR5 memori yake inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 ni kama 17 tu, kwenye gemu utalia. Usiulize "ni GB ngapi", nyingi za aina zote mbili ni 2, uliza memori ni aina gani na usome mwenyewe kwenye boksi. Halafu umesema unaedit video, 1030 haina kile kipande cha NVENC cha kusaidia kuekspoti, kwa hiyo kama video ndo mkate wako ruka moja kwa moja kwenye 1050 Ti.

Moniteri yako ni ya VGA si ndio? Kadi hizi zinatoa HDMI, DVI-D au DisplayPort, na kale kaadapta ka kuchomeka DVI kwenda VGA hakaingii, DVI-D haina zile pini nne za pembeni. Nunua konveta ya HDMI kwenda VGA. Ila ukiona 1050 Ti ina tundu la VGA lake yenyewe, shtuka! Nyingi za hivyo ni GTS 450 za zamani zimebadilishwa jina kwenye bayosi, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi. Mwambie muuzaji aiwashe palepale, fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, ikiwa feki inakuandikia FAKE mbele ya jina. Akikataa kuiwasha, aga.

Bayosi ya mashine yenyewe apdeti kabla hujachomeka kadi, yangu ilinipa kioo cheusi mpaka nilipoweka toleo la mwisho. Na waya wa moniteri uchomeke kwenye kadi, sio kwenye mazabodi (nilikaa nusu saa nalaumu kadi, acheni tu).

Mimi natumia 1050 Ti fupi hadi leo kwenye wati hizohizo 240, ila sijaiongezea diski ya pili. Piga picha ndani ya kasha uiweke hapa, tuone nafasi iliyopo kati ya sloti na pawa saplai.