Maji ya kando ya barabara ya Lushoto: panda ukaone yanakotoka kabla hujakinga

Mwenzetu ameuliza kama maji yanayotiririka bombani kando ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto yanafaa kunywewa bila kuchemshwa, kwa kuwa amewaona madereva na wenyeji wakiyakinga na kuyanywa papo hapo. Nimekuwa nikikinga maji katika barabara hiyo kwa miaka ipatayo 11, kwa sababu ninaishi bondeni, upande wa Korogwe, na kisima cha mtaani kwetu kina chumvi inayoharibu chai. Nitajibu kwa yale niliyoyapitia, likiwemo kosa moja lililomlaza mwanangu siku tatu kwa kuhara.

Kosa lenyewe nililifanya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yaliyotoka bombani asubuhi ile yalikuwa na weupe hafifu, kama maji yaliyooshewa mchele. Nilijiambia kuwa ni udongo kidogo ambao ungetuama dumuni, nikajaza madumu manne, na jioni tukanywa bila kuchemsha kama tulivyozoea kufanya wakati wa kiangazi. Mimi na mwenzangu hatukudhurika, lakini mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minne hakufika asubuhi salama.

Niliporudi mwezi wa Juni nilimkuta mzee mmoja wa pale akinywesha mbuzi wake kwenye kidimbwi kilicho chini ya bomba. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yaliyotupata, naye akaniambia, “Mwanangu, hapa si kwenye chemchemi, hapa ni mwisho wa bomba.” Kisha akaniongoza kupanda mlima kwa muda wa dakika kumi hivi. Jicho la chemchemi lilikuwa juu, chini ya mkuyu mkubwa, maji yakichuruzika baina ya mawe, ya baridi na maangavu kabisa. Kutoka pale yalifuata mfereji wa wazi uliokata shamba la kabichi na karoti, yakapita nyuma ya zizi la ng’ombe wawili, ndipo yakaingia kwenye bomba la plastiki linaloshuka hadi barabarani. Wakati wa kiangazi ni machache yanayoingia mferejini njiani, ila mvua ikinyesha, kila kilichomo shambani na zizini huoshwa na kuteremkia humo. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiyasifia maji ya mfereji nikidhani ninasifia chemchemi.

Kwa hiyo, mwenzetu, kabla hujauliza kama maji ni masafi, uliza kwa wenyeji jicho liko wapi na maji yanapitia wapi hadi yakufikie. Ikiwa huna muda wa kupanda, ipo alama moja inayosaidia sana: maji yaliyochujwa kwa muda mrefu ardhini hayabadiliki upesi, yaani rangi na wingi wake hubaki karibu vilevile hata baada ya mvua kubwa ya usiku mmoja. Yakichafuka au yakiongezeka ghafla, jua kwamba maji ya juu ya ardhi yanaingia mahali fulani. Hata hivyo, yasipochafuka bado si uthibitisho, kwa kuwa vijidudu vya homa ya matumbo na vya kuhara havionekani kwa macho. Kipimo kinachotakiwa kwa maji ya kunywa ni kutokuwapo hata bakteria mmoja wa E. koli, yaani bakteria wa kinyesi, katika mililita 100, na hilo hulijua mtu wa maabara tu.

Siku hizi ninachemsha yote, masika na kiangazi, nikiyaacha yatokote vizuri kwa dakika moja. Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na dakika hiyo inatosha hata huko. Nikiwa safarini ninatumia dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri nusu saa. Maji yenye ukungu ninayachuja kwanza kwa kitambaa safi cha pamba, kwa sababu udongo huipunguzia dawa nguvu.

Ninaongeza neno kwa wale wa Arusha, maana nimewahi kumsikia shemeji yangu akisema kuwa maji ya chemchemi ni yaleyale popote. Si yaleyale. Usambara, iliko Lushoto, ni milima ya miamba ya kale isiyotokana na volkano, ilhali kuzunguka Mlima Meru zipo chemchemi zenye madini mengi ya floridi, yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi mno huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi, bali maji yanapopungua sufuriani floridi hubaki na kuwa nzito zaidi.

Kuhusu madumu, usikingie kwenye dumu lililowahi kuwa na dawa ya shamba, hata ukiliosha mara kumi. Usioshe gari pale, na ukiwakuta akina mama na ndoo zao, wapishe watangulie, kwani wewe una injini nao wana vichwa vyao. Mimi hufika kabla ya saa moja asubuhi, wakati foleni bado ni fupi, nami huacha maji yamwagike kidogo kabla sijatega dumu la kwanza, kwa sababu mbuzi wa yule mzee wana tabia ya kulamba mdomo wa bomba.