Bangi ya tiba Marekani: kwa nini siwezi kumtumia shangazi ile chupa

Ndugu zangu, tangu shangazi aanze kutibiwa saratani mmeniuliza mara tatu swali lile lile: je, ni kweli kwamba huku Marekani wagonjwa huruhusiwa bangi, na kama ni kweli, kwa nini mimi ninayeuguza watu kila siku nisitume walau chupa moja ya mafuta yake? Nimekawia kujibu kwa sababu jibu lenyewe halinifurahishi hata mimi.

Ni kweli. Minnesota, jimbo ninaloishi, lilipitisha sheria ya bangi ya tiba mwaka 2014, na wagonjwa wakaanza kuuziwa Julai 2015. Haikuwa ruhusa ya kila anayeumwa kichwa, kwani sheria ilitaja magonjwa kwa majina, yakiwemo kifafa, UKIMWI, saratani inayoambatana na maumivu makali au kichefuchefu kisichokoma, pamoja na hali ya mgonjwa asiyetarajiwa kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Majani ya kuvuta hayakuuzwa hadi mwaka 2022. Kabla ya hapo kulikuwa na vidonge, matone na mafuta ya kuvutwa kama mvuke. Daktari haandiki dawa hiyo kama anavyoandika nyingine. Chini ya sheria hiyo ya mwanzo yeye alithibitisha tu kwamba mgonjwa ana ugonjwa uliotajwa na sheria, kisha mfamasia wa duka lililouza bangi hiyo ndiye aliyepanga aina na kipimo.

Njia hiyo ya kuzunguka ina sababu yake. Sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya nchi nzima, ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika kundi moja na heroini, kundi la dawa zisizotambuliwa kuwa na matumizi ya tiba, na majimbo yaliyoiruhusu, kuanzia California mwaka 1996, yamelazimika kupita pembeni mwa sheria hiyo. Ndiyo maana bima hailipii, mgonjwa hutoa fedha mfukoni, na chupa iliyonunuliwa kihalali hapa huwa kosa pindi inapovuka mpaka kuingia jimbo jirani, hata kama jirani naye ameruhusu. Sembuse kuipeleka posta ivuke bahari.

Mwaka 2019 nilimhudumia nyumbani kwake mzee mmoja mwenye saratani ya kongosho. Binti yake alifika kila jioni baada ya kazi, akavuta mafuta kwa bomba dogo la sindano lisilo na ncha, akayaachilia chini ya ulimi wa baba yake, kisha akaandika saa katika daftari. Baada ya muda mzee alikuwa akiomba supu. Hakumaliza bakuli hata siku moja, lakini mtu aliyekuwa akitapika maji matupu aliweza kula vijiko sita au saba na kulala bila kuamshwa na kichefuchefu. Siku ambazo binti alichelewa, mzee aliumia akiitazama ile chupa juu ya kabati, nami nimekaa kando yake, mikono magotini.

Sikuigusa. Wakala aliyeniajiri alitukataza hata kuishika, ingawa sheria ya jimbo ilimruhusu mgonjwa kusajili mtu wa kumsaidia. Zaidi ya hapo, mimi ni mkaazi wa kudumu, si raia, na Aprili mwaka huohuo idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba mhamiaji anayejihusisha na bangi, hata kwa kuajiriwa tu katika biashara hiyo kwenye jimbo linaloiruhusu, anaweza kuonekana hana mwenendo mwema unaotakiwa kwa mwombaji wa uraia. Mwenyeji akikosea hulipa faini. Mimi ningeweza kuyapoteza makazi yangu. Mnaodhani huku kila kitu ni ruhusa, hilo nalo mlijue.

Kwa yale niliyoyaona, naunga mkono bila kigugumizi mgonjwa mahututi kuruhusiwa dawa hii chini ya uangalizi. Ninachokipinga ni maneno yanayosambazwa kwamba mafuta ya bangi huponya saratani. Yule mzee alifariki kwa saratani ileile, ila tu alikuwa akitapika kidogo kuliko hapo awali. Mamlaka ya shirikisho ya dawa iliidhinisha mwaka 1985 kidonge cha dronabinoli, chenye kemikali ya bangi iliyotengenezwa maabara, kwa kichefuchefu cha wanaopata kemotherapia, yaani dawa kali za saratani, na mwaka 2018 ikaidhinisha dawa ya kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoidhinishwa kuondoa uvimbe, na kemikali ile ya kwanza huweza kumletea mgonjwa kizunguzungu na kuchanganyikiwa, jambo la hatari kwa mama mwenye umri wa shangazi anayeamka usiku peke yake.

Kwa hiyo msimnunulie mafuta kwa mtu asiyeweza kuwaambia nguvu yake, wala asiache sindano zake za hospitali. Mwambieni daktari waziwazi kwamba anatapika, kwa maana wagonjwa wengi huona haya kulisema, na dawa za kuzuia kutapika zipo nyingi zisizohitaji sheria mpya. Mnunulieni pia daftari, aandike saa anapotapika na alichoweza kula, hata kama ni vijiko viwili. Nitapiga simu Jumapili anisomee.